Zamu ya Usiku

Tuliondoka Matrah baada ya alasiri,
meli ya ghorofa kumi na mbili, na sisi chumba kimoja:
watu wanne, laptopu nne,
nyaya za kuchajia zimesukana sakafuni kama tambi.

Kwenye meza ya huduma alisimama binti,
kibandiko kifuani: NDUKU, KENYA.
"Mwanangu," nikamwambia, "mtandao tunaupataje?"
Akacheka kwanza. Miezi minne hajaitwa mwana na mtu.
Kisha akanipa bei:
kifurushi kimoja, kifaa kimoja, dola ishirini na nne kwa siku.
Nikazidisha mara nne, nikageuza kuwa riali,
nikaona afadhali ninunue mbuzi.
"Wa hapa unatoka juu," akasema, kidole darini,
kana kwamba nilidhani unatoka kwa samaki.

Thuwaini, mpwa wangu, kemia imemshinda
lakini waya wowote humsikiliza.
"Shangazi, nunua kimoja tu.
Yako inywe huko juu, zetu zinywe kwako."
Akabonyeza hapa, akabonyeza pale,
akaibatiza mashine yangu KISIMA,
na neno la siri jina la paka wetu, marehemu.

Dakika tatu tulikuwa matajiri.
Kisha Rayya akapakia mtihani wake wa Sohar,
Thuwaini akafungua mpira kwa siri,
mimi hesabu za duka la vitambaa, Ruwi,
na Mama khitma ya dada yake, Wete.
Kiduara kikazunguka.
Kikazunguka.
Maalimu akaganda mdomo wazi,
"aamin" imemkwama baina ya Pemba na mbingu.

"Zimeni!" Mama akasema. "Nyote. Mnakunywa kama ngamia."

Mama hakukipenda kijiji cha baba, kule Ibra.
Alifika mwaka sabini na tatu
na viatu vya mchuchumio, akapokewa na vumbi.
Lakini falaji aliijua mpaka kwenye mawe yake,
maana shemeji yake alimwibia maji.
"Bustani hazinywi zote pamoja," akasema.
"Kila mtu na zamu yake. Nusu saa, wakiita athari.
Mchana kijiti na kivuli. Usiku nyota.
Na yule mwizi," akaongeza, "alikuwa akihesabu nyota mbili kuwa moja."

Athari.
Miaka yote nilidhani neno hilo ni la madhara tu.

Tukaandika zamu nyuma ya karatasi ya chakula:
Rayya mbele, mtihani haungoji;
kisha Mama; kisha duka; Thuwaini mkiani, akinung'unika.
Badala ya nyota, simu yake ililia kama bata.

Saa tano usiku bata alilia kwa Mama, naye hakuinuka.
"Wete wameshalala," akasema. "Zamu yangu mpeni yule binti."
Binti gani?
"Yule wa mezani. Kadi yao ya wafanyakazi imekwisha tangu Jumanne.
Nilimuuliza. Nyinyi mliuliza bei."

Nikaandika jina la paka kwenye kipande cha karatasi,
nikashuka nalo ghorofa tatu kwa miguu.

Tulilala. Niliamka kunywa maji,
KISIMA kinawaka peke yake mezani,
na kwenye orodha ya waliounganishwa, vifaa vyetu vyote vimezimwa
ila jina moja geni: *Simu ya Nduku*.
Nje ya mlango, kwenye ngazi za korido,
mtu alikuwa akiimba Kikamba kwa sauti ya chini, akicheka katikati.
Bata alilia. Nikamnyamazisha.
Akalia tena, nikamnyamazisha tena.
Sikuhesabu.

Alfajiri milima ya Musandam ilitubana kulia na kushoto,
mawimbi ya juu yakakatika, meli nzima ikalalamika kwa lugha kumi.
Nduku alikuwa mezani, kibandiko kimenyooka,
akiwaomba wageni radhi mmoja mmoja.
Nilipofika akainamisha kichwa kidogo.
"Jino la mbele," akaninong'oneza, "limetoka."