Kipimo cha Watano

Alizaliwa Februari, theluji ikiwa imefika madirishani,
katika zizi la taa nyekundu, nje kidogo ya Hällvik.
Tandala, tena dume.
Solveig alimfuta kwa taulo kuukuu la hoteli,
akamhesabia mistari ubavuni: minane kushoto, tisa kulia,
akamwambia kwa Kiswidi neno ambalo kwetu ni karibu.

Daftari la nasaba limo ofisini, ndani ya kompyuta.
Halina haraka. Halina chuki.
Linajua kwamba baba yake ana watoto kumi na tisa
kutoka Ureno hadi Latvia,
kwamba damu ile imezidi,
kama chumvi katika mchuzi uliopikwa na watu wawili
wasioambiana.

Septemba mtu alibadilisha neno katika safu ya mwisho.
Zamani iliandikwa: ana afya, anakula, amekua.
Sasa ikaandikwa: ziada. Ipo. Isubiri. Iondolewe.
Silabi moja tu,
na mnyama akahama ngeli.

Msilaumu upesi.
Nilikuwa nikifuta meza za ofisi ile, simu nilizisikia.
Poland wamejaa. Ubelgiji wamejaa, wanasikitika sana.
Mtu mmoja mwenye sauti ya asali alikuwa na nafasi,
shamba lenye uzio na wageni wanaolipia risasi;
Hedvig, daktari, alikata simu
kisha akaosha mikono, ingawa hakuwa ameshika kitu.
Dawa ya kuzuia mimba? Walikwisha kuijaribu:
majike watatu, miaka minne,
na matumbo yakafunga kabisa
hata siku yalipotakiwa kufunguka.
"Basi wazae," alisema Hedvig. "Walambe, wanyonyeshe.
Hayo angalau ni yao. Kifo nitakibeba mimi."
Sikujua kama ule ni ujasiri au hesabu.
Sijui mpaka leo.

Novemba, saa moja asubuhi, mkate mweusi mkavu.
Aliinamisha kichwa kuuchukua kiganjani,
pembe zake bado fupi, ndiyo kwanza zinafikiria kujipinda.
Mlango wa friji ya nyama
una kelele kuliko bunduki ile.

Mchana simba walikula.
Getini walisimama watu wenye mabango,
wengine wakitafuna soseji za kibandani,
wakilia kweli, sisemi walikuwa wakiigiza.
Mtoto mmoja, Tuva, wa miaka saba hivi,
alimvuta Solveig mkono wa koti:
"Na yule ng'ombe waliyemla jana,
yeye aliitwa nani?"
Solveig alifungua mdomo.
Mvuke ulitoka. Jina halikutoka.

Kesho yake nilimkuta ghalani, giza bado,
kopo mkononi, akichota kwa mazoea:
mama, shangazi, dada wawili,
na moja tena.
Alipomaliza kugawa, chini ya ndoo
palibaki chakula cha mmoja.
Alikitazama kwa muda mrefu kuliko unavyostahili kutazama pumba.
Kisha akakimimina tena guniani.
Gunia lilikuwa na nafasi.