Bwawa Nyuma ya Duka la Matairi

Saa kumi na mbili na robo, Houston bado haijaanza kunguruma,
navaa viatu vya marehemu Leland.
Vimenizidi. Navaa soksi mbili, natoka.
Njia ya kwanza ni ya saruji. Ya pili pia ni ya saruji.
Huku kwetu hata kijito kilimwagiwa saruji
kikaambiwa: nyooka.

Lakini maji hayana adabu.
Nyuma ya duka la matairi walichimba shimo la kuzuia mafuriko,
wakalizungushia uzio, wakasimamisha bango,
na mwaka haujaisha likaota matete,
likapata kobe kumi na mmoja
wanaoota jua juu ya toroli la supamaketi lililozama nusu.

Yupo na yangeyange, maji magotini,
mweupe kuliko gauni la ubatizo.
Hasogei. Nami sisogei.
Tunatazamana mpaka mmoja wetu achoke,
na kila siku anayechoka ni mimi.

Bwana Hruska huja na mkongojo na mkate wa bata,
bango linakataza, yeye anasema macho yake hayasomi tena.
Babu yake alilima mpunga hapa,
kutoka pale kituo cha mafuta
hadi pale wanapouza magodoro.
Sasa mpunga hakuna. Mchele uko rafu ya saba.
Wali uko kwa Thuy, jirani yangu, Jumapili, na samaki wa kuchemsha.
Ila mabata bukini weupe bado huja kila Novemba,
huzunguka juu ya mapaa yetu mara tatu, mara nne,
wakilitafuta shamba.
Nani atawaambia?

Machi hii korongo wa usiku, dume na jike,
walijenga kwenye mwaloni wa Thuy,
kiota cha vijiti ovyoovyo, kama kazi ya fundi aliyelipwa kwanza.
Chini yake lilikaa gari la mwanawe Quang,
jeusi, la mkopo, lina miezi miwili.
Kufikia Aprili lilikuwa la chokaa.

Ikaja barua ya kamati ya mtaa:
tawi likatwe ndani ya siku kumi.
Thuy aliisoma barazani, akaikunja mara nne,
akaiweka chini ya mguu wa meza inayoyumba.
"Gari lina magurudumu," akamwambia Quang.
"Kiota hakina."
Basi gari likahamia kwangu.

Jioni watu wakaanza kutoka na viti vya kukunja.
Watoto waliokota maganda ya kamba wa mtoni
yaliyodondoka kutoka juu, wakayapanga ukingoni kwa ukubwa.
Makinda matatu, manyoya ya kichwani yamesimama
kama wazee walioamshwa na king'ora.
Siku ya tisa Bi Rosalind Petty wa kamati
alikuja na kamera kuchukua ushahidi.
Akapewa kiti.
Giza lilimkuta pale, kamera mapajani, kifuniko hajakifungua.

Barua ya pili ilikuja, ndiyo, lakini kwangu:
pipa langu la taka linaonekana kutoka barabarani.

Kinda mmoja alianguka wiki ya upepo.
Hilo hatukulizungumza sana.
Hruska alimzika kwa kijiko cha bustani, kofia mkononi.

Agosti. Joto limekaa juu ya lami
kama paka asiyetaka kuondoka.
Nyenze wanakereza tangu alfajiri.
Kiota ni vijiti tu, mbingu inapita katikati yake.
Quang bado anaegesha kwangu.
Hajasema kwa nini, nami sijauliza.
Leo nimetoka na viatu vyangu vikubwa
nikakuta kwenye boneti nyayo za rakuni,
vidole vitano vitano, kama vya mtoto aliyeshika unga.
Zinapanda hadi kwenye kioo,
zinasimama,
zinarudi.