Ukurasa wa Kumi na Nne

Mwalimu Kadzo asema lugha haiingii kwa macho,
huingia kwa mdomo, kama mbaazi za asubuhi:
tafuteni mtu nyumbani mzungumze naye.
Nyumbani kwangu, Majengo, chumba na pazia,
mtu niliye naye ni Mwinyihaji.

Basi baada ya Isha, sahani zikishaoshwa,
huvuta kigoda karibu na feni
nami namkabidhi karatasi za fotokopi
nilizotoa Makupa, shilingi tano tano,
wino umejaa pembeni, maneno ya chini yamekatwa.
Mimi ni Meri. Yeye ni Tomu.
Jumatatu nina mahojiano, hoteli moja ya Nyali,
idara ya mashuka na taulo.

Hau a yu, Tomu?
Am fain, thenk yu, end yu?
Nilimuuliza mwalimu: na kama mtu si fain?
Akacheka. Akasema, nawe ukiulizwa hujambo
hujibu nini, siku unayoumwa na jino?
Nikanyamaza. Kweli.
Sijambo.

Tukaenda posta, mimi na Tomu, kununua stempu.
Tukapotea njia ya stesheni, tukaelekezwa kushoto.
Tukaizungumza theluji mpaka tukaimaliza,
Itsi veri koldi tudei, Meri,
na jasho limemlowesha Mwinyihaji makwapa,
anajipepea kwa huo huo ukurasa wa baridi.
Nyuma ya pazia Salha anavunjika mbavu:
"Baba, si koldi. Kould. Meza hiyo i."
Mtu wa winchi bandarini, miaka ishirini
akipaza sauti juu ya makontena,
sasa anachongoa midomo kama anayepuliza uji.

Ukurasa wa kumi na nne, Tomu amechelewa.
Meri amengoja mkahawani, chai imepoa.
Mwinyihaji akaisogeza karatasi kwenye taa,
akakohoa, akasoma kwa kidole:
Ai em sori, Meri.
Ai em sori ai em leit.

Feni ikazunguka.
Namjua mume wangu.
Kwa Kiswahili neno hilo halijamtoka.
Ana "haya basi," ana "yaishe,"
ana kilo ya tafi aliyoitua jikoni bila kusema,
ana kukohoa mlangoni.
Usiku niliomzaa huyu anayetucheka
nilimngoja Makadara hadi adhana ya alfajiri,
naye yuko Mwembe Tanganyika kwenye dhumna.
Akaja na jua. Akauliza, "Mume au mke?"
Miaka kumi na minane. Sikumdai.
Deni lisiloandikwa hukaa tumboni,
likila nafasi ya chakula.

"Rudia," nikamwambia.
"Nimekosea?"
"Matamshi."
Ai em sori, Meri.
"Usiseme Meri. Sema jina la mtu unayemjua."
Hapo pazia likanyamaza.
Akaniangalia juu ya miwani iliyofungwa uzi.
Sijui alikuwa anasoma ukurasa gani.
Ai em sori, Mwanakheri,
akasema taratibu, ile r ameibingirisha kama yetu,
ai em sori ai em leit.

Nikashuka na kidole kutafuta jibu langu.
Hakuna. Mashine imekula mstari wa mwisho,
imebakiza vichwa vya herufi,
kama watu wanaochungulia juu ya ukuta.
Meri alimjibu nini, mwalimu ndiye ajuaye.
Mimi majibu nilikuwa nayo, ela yote ya Kiswahili,
na yote marefu.

Nikakunja karatasi. Nikammiminia chai ya tangawizi,
ya moto, si ile ya Meri.
"Kesho," nikasema, "tutaanzia hapo hapo.
Uwe umeikariri."