Lita Tatu na Nusu

Ilianza mlimani Uru, pale lami inapokwisha.
Nakanyaga, injini inalia, gari linafikiri.
Linafikiri sana, kama shahidi barazani,
ndipo gia ya pili inaingia kwa kishindo
na mabua ya Kahe yananisukuma mgongoni,
mzigo mzima, chakula cha ng'ombe wa watu.

Ndugu yangu Aminieli alisema usiguse.
"Hiyo giaboksi haijafunguliwa tangu tuinunue.
Uchafu ndio unaoishikilia.
Ukimwaga mafuta ya zamani, umemwaga gari."
Alisema kwa simu, kwa sauti ya mtu anayedai,
na kweli anadai: nusu ya pikapu ni yake,
na neno nililomtupia kwenye msiba wa mama
bado liko kwake, hajalirudisha.

Bomambuzi, saa mbili asubuhi.
Mlima umejifunika hadi kidevuni.
Fundi Nakijwa anachomoa kijiti, anakifuta kwa tambara jeupe
(jeupe kwa makusudi, anasema,
doa likose pa kujificha),
ananusa, ananipa na mimi ninuse.
Maharage yaliyosahauliwa jikoni.
"Ulibadilisha lini?"
Nikatazama tairi.
"Haya."

Nikamwambia nimesikia kuna mashine,
inasukuma yote nje kwa mkupuo,
asubuhi chafu, mchana safi.
"Ipo. Kwa hili gari hatuiiti.
Mle ndani kuna sahani zimelika,
na unga wa kulika kwake unaelea, unasaidia kushika.
Ndugu yako hakusema uongo.
Alichosahau ni kwamba mafuta yaliyoungua
hayaachi kuunguza."

Akaingia chini.
Nikabaki naongea na viatu vyake.

Spana namba kumi. Boliti za upande mmoja zililegea kwanza,
sampu ikainama, mafuta yakapata mdomo,
yakashuka kwenye beseni la bluu,
meusi, mazito, bila haraka,
miaka yangu yote ya kusema mwezi ujao.

Sumaku nne, kila moja imeota ndevu.
Akazisugua kati ya kidole na kidole,
nami nikashika pumzi kama niko maabara nangoja jibu.
"Unga tu. Unga ni umri.
Vingekuwa vipande, ningekupa pole."

Kilenga, kijana wake, akapima kwa chupa za maji:
lita tatu na nusu.
"Zimetoka tatu na nusu, zinaingia tatu na nusu."
"Na zilizobaki?"
"Ziko kwenye konveta, zimejificha. Waache wageni
wakae nazo wiki moja. Uje tena nipunguze.
Kisha tena. Mara ya tatu, tambara litasema."

Filta mpya. Gasketi mpya. Ndevu zimenyolewa kwa petroli.
Na yale mapya, jamani, mekundu kama juisi ya rosela,
yakishuka kwenye faneli wembamba wa uzi,
hata fundi wa breki wa jirani akaja kutazama.
"Washa. Kanyaga breki. Rudi nyuma, hesabu tano.
Katikati, hesabu tano. Mbele. Usiwe na pupa."

Nikapanda Uru na mzigo.
Pale lami inapokwisha nikakaza meno.
Gari likafikiri, lakini kidogo,
gia ya pili ikaja kama mtu anayebisha hodi
halafu anangoja aitikiwe.

Jioni nikampigia Aminieli.
"Nimebadilisha mafuta."
Kimya. Jogoo wa kwake, huko Kahe, anawika saa mbovu.
"Yote?"
"Hapana. Lita tatu na nusu. Jumatano ijayo tena."
Kimya kingine, kifupi kuliko cha kwanza.
"Jumatano mabua yapo," akasema. "Upitie."

Yale meusi aliyachukua Kilenga.
Shangazi yake ana banda, mchwa wanakula nguzo.