Tundu la Wavu

Dakika ya mwisho, uwanja wa Wiyoni,
refa kapuliza: bao.
Sisi wa Langoni jezi tushazivua,
beberu wa zawadi tushamgawa mapande.

Bunu akajikung'uta mchanga, akamfuata refa.
"Mpira ulipita nje ya mlingoti,
ukaingilia tunduni."

Tulimtukana hadi mamake akafunga dirisha.
Beberu akaenda Mkomani, akilia njia nzima.

Jumatatu napita, hasira bado mbichi,
Bunu kachuchumaa golini na sindano ya jarife,
anaziba tundu.
Kipa wa Mkomani kamshikia uzi,
wanabishana juu ya fundo.

Nikainama, najifanya nafunga kamba za viatu.
Bunu akanitazama miguuni:
"Shekuwe, ndara hazina kamba.
Njoo shika upande huu, umelegea."