Jumatatu, Saa Tatu Kasoro Kumi

Mimi si daktari. Mimi ni wa dirishani,
ninayeuliza jina, tarehe ya kuzaliwa, na una nini.
Miaka ishirini na miwili katika zahanati ya Cwm Garwen,
bonde la Wales ambalo mvua haibishi hodi,
nimejifunza kusoma kikohozi kabla mlango haujajifunga.

Iestyn Probert, miaka minane. Una nini?
"Tumbo," anajibu mama yake, Delyth,
mwavuli ukimchuruzikia viatuni.
Tumbo, wiki iliyofuata. Tumbo, wiki ya tatu.
Wakampima mkojo, wakampima damu,
wakambonyeza hapa, na hapa, je, hapa panauma?
Panauma. Kila pahali panauma kidogo.
Majibu yakarudi meupe kama shuka la wageni.

Daftari ndilo lililosema, si mimi.
Nilikuwa namtafutia nafasi bibi mmoja wa kisukari,
nikaona jina la mtoto limerudi ukurasa kwa ukurasa:
Jumatatu. Jumatatu. Jumatatu.
Likizo nzima ya Krismasi, hakuna hata moja.
Tumbo gani hili linalojua kalenda ya shule?

Nikaandika kikaratasi,
nikakiweka chini ya kikombe cha Daktari Nerys:
Samahani, si kazi yangu. Tazama siku.

Husemwa mficha maradhi kifo humuumbua.
Huyu hakuficha kitu.
Alikuwa na neno moja tu, akawa analituma kila wiki
kama barua isiyo na stempu.

Dakika kumi ndizo fungu la kila mgonjwa hapa.
Daktari akaniambia: mpe ishirini, mpe nafasi ya mwisho,
na simu zikilia, ziache zilie.
Sijui yote yaliyosemwa mle ndani, wala sistahili kujua.
Najua penseli zangu za rangi ziliazimwa,
na ya kijani haijarudi mpaka leo.
Najua Delyth alitoka ameziba kinywa kwa kiganja.
Baadaye aliniambia mwenyewe, akitia saini:
Aled, mumewe, tangu kiwanda cha chuma kizimwe
huamka adhuhuri; na Jumatatu moja ya Novemba
hakuamka, mpaka gari la wagonjwa lilipokuja.
Iestyn alikuwa darasani, kwenye saba mara nane.
Tangu siku hiyo amejiajiri kuwa mlinzi.
Mlinzi akiacha lindo, alaumiwe nani?

Barua ikaenda mjini kwa mabingwa.
Ikajibiwa: tumepokea. Subirini miezi kumi na minne.
Daktari aliisoma amesimama,
akaikunja mara mbili, mara nne, akaitia mfukoni,
kisha akavuta kiti.
"Haya," alisema, "tuanze na tulicho nacho."

Tulichokuwa nacho hakikujaza kiganja:
Bi Heulwen, mwalimu, aliyekubali kusimama getini;
simu ya saa nne, baba aipokee mwenyewe, aseme "Nimeamka";
wiki ya kwanza hadi getini, na kurudi;
wiki ya pili hadi penye makoti;
wiki ya tatu alitapika njiani, wakarudi nyumbani,
na Daktari akasema hiyo nayo ni hatua, iandikeni.
Aled naye akafunguliwa faili.
Nadhani hilo ndilo mtoto alilokuja kuomba tangu mwanzo.

Jana ilikuwa Jumatatu. Saa tatu kasoro kumi
mlango ukasukumwa, nikauona mwavuli uleule.
Kalamu ikanilegea mkononi.
Iestyn. Una nini?
Safari hii alijibu yeye, si mama,
kwa hasira ya mtu anayecheleweshwa:
"Sikio. Na leo tuna mazoezi ya raga."

Sikio! Jekundu, la kweli, lenye usaha wake halali.
Sijawahi kufurahia ugonjwa wa mtoto kiasi kile,
Mungu anisamehe. Nililiandika kwa herufi kubwa.
Kisha nikafungua daftari upande wa nyuma,
ninakohesabu ile barua ya mjini.
Bado miezi tisa.