Kenge Wamo

Riali saba kwa kichwa, na sisi vichwa vitano,
ukumbi ule upande wa uwanja wa ndege, Maskati,
mwezi wa saba, usiku umeingia na lami bado inapumua moto.
Mama kavaa buibui la kutokea, na shali la sufi juu yake,
kwani kaambiwa ndani kuna baridi ya kuhifadhia maiti.
"Tunakwenda kuangalia nini?" Mara ya tatu hiyo, garini.
Muzna, miaka tisa, akamjibu kwa Kiarabu:
wanyama waliokufa kabla watu hawajakuwapo.
"Hee! Siku hizi maziko yana tiketi?"

Muzna anawajua wote, wa pembe, wa shingo, wa meno,
anawataja kwa majina marefu kama nasaba ya kadhi.
Lakini nikimwambia, mwanangu, niletee kawa nifunike chakula,
ananiletea birika la kahawa.

Taa zikazimwa. Spika zikatupiga vifuani.
Kwanza ikaja shingo, ikachungulia moshini
kama jirani aliyenusa biriani,
kisha tumbo, kisha mkia usiokwisha.
Ukumbi mzima ukainua simu.
Yaqdhan, ambaye nyumbani ndiye dubwana mwenyewe,
akazama ndani ya abaya yangu, nje vikabaki visigino.
Ghalib alipiga picha kila jino,
mtu aliyelipa na anayetaka kuona hela yake ikinguruma.

Mama hakutazama juu.
Miaka arubaini ya cherehani imemfunza kutazama pindo.
"Lina miguu minne," akaninong'oneza,
"na miwili ya mtu."
Kweli. Chini ya tumbo, suruali nyeusi, raba nyeusi.
"Na kamba ya kushoto imefunguka. Ataanguka yule mtoto wa watu."

Basi hiyo ndiyo ikawa tamthilia yake.
Mla nyama akatokea, watoto wakapiga ukelele,
wawili wakapigana, mmoja akafa vizuri sana, akapigiwa makofi;
Mama macho kwenye kamba,
kila lile pande la mtu likigeuka, "Yarabi mstahi,"
kila likikanyaga, ananifinya paja.
Nimerudi na alama.

Tulitokea nyuma, kwa kuwa Ghalib kaegesha karibu na malori.
Kijana kakaa juu ya sanduku la barafu, fulana imemganda,
chupa ya maji mkono mmoja, simu mkono wa pili:
"Ijumaa nitatuma, mama. Hapana, si nzito.
Kazi ya maonyesho tu. Naingia, natembea, natoka."
Kwa Kiswahili, hivyo hivyo, cha pwani, kimechoka kidogo.

Mama akasimama. Hakumuuliza kwao wapi.
"Mwanangu, kamba."
Akatazama kiatu, akamtazama mwanamke mwenye shali la sufi
katika joto la kuivisha tende, akacheka mpaka akakohoa.
"Msafara wa mamba, bibi," akasema,
"na kenge tumo."
Mama akaitaka chupa ya kahawa, akammiminia yeye mwenyewe,
akamngojea amalize, akamimina tena.

Muzna kashika mkono wangu, mdomo wazi.
Dubwana linasema lugha ya bibi.

Njiani, Yaqdhan kalala, panga lake la taa linawaka miguuni,
riali mbili na nusu, halizimiki.
"Bibi, shingo unaitaje?"
"Shingo."
"Na mkia?"
"Mkia. Kwani wewe ulidhani nani?"
"Na lile la kamba, jina lake ni hili." Akalitaja lote.
Mama akajaribu. Likamtoka vipande vipande, kama mwiba wa samaki.
Muzna akamsahihisha polepole, bila kucheka,
silabi baada ya silabi, kuanzia daraja la Athaiba mpaka mlangoni kwetu.

Nikapasha wali. Nikasema, Muzna, niletee kawa.
Akasimama kati ya jiko na sebule, akafikiri sana,
nikaona midomo inacheza.

Akaleta kahawa.